Mtoto wa jicho akitolewa, njia za maji ya jicho nazo hubadilika

UPASUAJI wa mtoto wa jicho umezoeleka kuelezwa kwa jambo moja tu: lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, lenzi ya bandia huwekwa mahali pake, na mgonjwa aliyekuwa akitembea kwa kupapasa huanza kuona tena.

Hata hivyo, yapo mabadiliko mengine yanayotokea ndani ya jicho siku hiyo hiyo, ambayo mgonjwa hayaoni wala hayahisi. Mabadiliko hayo yanahusu njia ndogo zinazotoa maji ndani ya jicho, na njia hizo ndizo zinazoamua kama presha ya jicho itapanda au itashuka.

Kwa wagonjwa walio wengi mabadiliko hayo ni ya heri, kwani njia hizo hupanuka na presha hushuka. Kwa wengine njia huziba kwa saa au siku kadhaa, na wapo wachache ambao tatizo huwaanza wiki chache baadaye. Kwa mtu mwenye glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, tofauti kati ya hali hizo yaweza kuwa tofauti kati ya kuona na kupofuka.

Suala hili lina uzito kwa sababu magonjwa hayo mawili huwaandama zaidi watu wa rika moja, yaani wenye umri mkubwa. Mtoto wa jicho ndiye sababu kuu ya upofu duniani, lakini upofu wake hurekebishika. Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili katika jicho moja, na mafanikio ya kutibiwa la kwanza yakamsahaulisha la pili.

Maji yasiyo machozi

Maji yanayozungumziwa hapa si machozi. Machozi huliosha jicho kwa nje. Maji ya ndani hutengenezwa nyuma ya irisi, ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni. Kazi yake ni kuilisha lenzi pamoja na konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kwa kuwa sehemu hizo hazina mishipa ya damu. Vilevile maji hayo hulifanya jicho libaki na umbo lake.

Jicho hutengeneza takriban mikrolita 2.5 za maji hayo kila dakika, kiasi ambacho kwa siku nzima hakijazi kijiko kimoja cha chai. Chumba cha mbele cha jicho, kilicho kati ya konea na irisi, huchukua karibu robo ya mililita tu. Kwa hiyo maji yake hubadilishwa yote katika muda wa saa mbili hivi.

Baada ya kupita mbonini, maji huelekea pembeni, mahali konea inapokutana na irisi. Wataalamu hupaita pembe ya jicho. Hapo ipo tishu laini yenye vitundu vidogo sana, mfano wa chujio. Nyuma ya chujio hilo upo mfereji mwembamba unaolizunguka jicho kama pete, uitwao mfereji wa Schlemm, kwa jina la Friedrich Schlemm, mtaalamu wa anatomia wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1830. Kutoka kwenye mfereji huo maji huingia katika mishipa midogo ya damu iliyo kwenye weupe wa jicho. Kiasi kingine hupenya kupitia misuli iliyo nyuma ya pembe hiyo.

Presha ya kawaida ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Maji yakiendelea kutengenezwa huku njia za kutokea zikiwa zimebanwa au zimeziba, presha hupanda na kuukandamiza mshipa wa fahamu. Ieleweke pia kwamba presha hii haina uhusiano wa moja kwa moja na ile ya damu inayopimwa kwenye mkono. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu iliyo sawa kabisa, lakini ya jicho ikawa juu.

Lenzi inavyonenepa

Lenzi ya jicho iko nyuma tu ya irisi, na haiachi kukua maisha yote ya binadamu. Kwa kijana unene wake ni kama milimita 4, na uzeeni hukaribia milimita 5 au hata kuzidi. Ongezeko hilo laonekana dogo, lakini katika nafasi finyu kama hiyo ni kubwa.

Kadiri lenzi inavyonenepa ndivyo inavyoisukuma irisi mbele, na pembe inayopitisha maji huzidi kuwa nyembamba. Kwa watu wenye macho mafupi tangu kuzaliwa, pembe hiyo inaweza kufungwa kabisa. Likitokea hilo kwa ghafla, mgonjwa hupata maumivu makali ya jicho na kichwa, jicho huwa jekundu, huona duara za rangi kuzunguka taa, na pengine hutapika. Hali hiyo ni ya dharura na haifai kungojewa hadi asubuhi.

Daktari anapoitoa lenzi hiyo nene na kuweka ya bandia yenye unene wa kama milimita 1, irisi hurudi nyuma, chumba cha mbele huongezeka kina, na pembe hufunguka. Mabadiliko hayo huonekana mara moja kwa vipimo vya picha.

Uthibitisho mkubwa ulitolewa mwaka 2016 na utafiti uitwao EAGLE, uliochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet. Utafiti huo ulihusisha wagonjwa 419 kutoka Uingereza, Australia na nchi kadhaa za Asia, wote wakiwa na pembe iliyofungwa na presha kubwa au glakoma iliyotokana na hali hiyo. Nusu yao walitolewa lenzi ingawa haikuwa na ukungu, na nusu nyingine walipewa tiba iliyozoeleka ya mionzi ya leza na matone.

Baada ya miaka mitatu, waliotolewa lenzi walikuwa na presha ya chini kidogo kuliko wenzao, walihitaji dawa chache zaidi, na hali yao ya maisha kwa jumla ilikuwa bora. Tangu hapo kutoa lenzi kumehesabiwa kuwa mojawapo ya tiba za kwanza kwa aina hiyo ya glakoma.

Hata pembe iliyo wazi hunufaika

Jambo lililowashangaza wataalamu kwa muda mrefu ni kwamba presha hushuka hata kwa watu ambao pembe yao ilikuwa wazi kabla ya upasuaji.

Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia watu wenye presha ya jicho iliyozidi kawaida lakini ambao hawakuwa wakitumia dawa za kuishusha. Katika macho 63 yaliyofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, wastani wa presha ulishuka kutoka milimita 23.9 hadi 19.8 za zebaki, yaani kwa takriban asilimia 17. Katika macho ambayo hayakufanyiwa upasuaji, presha ilibaki karibu pale pale.

Zipo sababu tatu zinazotajwa na wataalamu. Ya kwanza ni ya kimaumbile. Lenzi imening'inizwa kwa nyuzi laini ambazo zimeshikamana na misuli iliyo jirani na chujio. Lenzi nene huzisogeza nyuzi na misuli hiyo mbele, na chujio pamoja na mfereji wa Schlemm hukosa kutanuka vizuri. Lenzi ikitolewa, misuli hurudi nyuma, chujio huvutika na mfereji hupanuka.

Sababu ya pili ni usafi. Wakati wa upasuaji maji maalumu hupitishwa ndani ya jicho kwa wingi, nayo huaminika kuondoa baadhi ya takataka zilizonasa kwenye chujio kwa miaka mingi.

Sababu ya tatu inahusu njia ya kisasa ya kuvunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, iliyobuniwa na Dk. Charles Kelman wa New York mwaka 1967. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa mawimbi hayo huziamsha seli za chujio, zikatoa kemikali zinazosaidia kulegeza tishu na kupitisha maji.

Hata hivyo, inaonekana kuwa sababu ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi. Ipo njia nyingine ya upasuaji isiyotumia mawimbi ya sauti, ambapo lenzi hutolewa ikiwa nzima kupitia tundu dogo linalojifunga lenyewe bila kushonwa. Njia hiyo ni ya gharama nafuu na hutumika sana katika nchi za Asia Kusini na za Afrika, zikiwamo za Afrika Mashariki. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia hizo mbili na kubaini kuwa presha ilishuka kwa viwango vinavyokaribiana sana.

Hiyo ni habari njema kwa mgonjwa asiye na uwezo wa kulipia mashine za bei kubwa, kwa kuwa nafuu ya presha hailetwi na mashine bali na kuondolewa kwa lenzi yenyewe.

Saa 24 za kwanza

Nafuu hiyo haiji mara zote moja kwa moja. Saa chache baada ya upasuaji, presha inaweza kupanda kabla ya kushuka.

Sababu kubwa ni ute mzito ambao daktari huuingiza jichoni ili kulinda konea na kupata nafasi ya kufanya kazi. Ute huo hufyonzwa mwishoni mwa upasuaji, lakini kiasi kikisalia hunasa kwenye chujio na kuzuia maji kupita. Chembechembe za lenzi, damu kidogo au uvimbe navyo vinaweza kuleta matokeo kama hayo.

Kwa jicho lenye afya, kupanda huko huisha chenyewe ndani ya siku moja hadi tatu, ama kwa dawa kidogo. Kwa jicho ambalo mshipa wake wa fahamu umekwisha kudhoofishwa na glakoma, saa hizo chache zinaweza kuondoa sehemu ya uwezo mdogo wa kuona uliobaki.

Ndiyo maana mgonjwa huagizwa kurudi kliniki siku inayofuata. Wapo wanaopuuza agizo hilo kwa kuwa wanaona vizuri na hawana maumivu, au kwa sababu ya umbali na nauli. Lakini presha inaweza kuwa juu bila maumivu yoyote, na kipimo cha dakika chache ndicho pekee kinachoweza kuigundua.

Matone yenye pande mbili

Hatari ya pili hujitokeza wiki chache baadaye, nayo hutokana na dawa. Baada ya upasuaji mgonjwa hupewa matone yenye steroidi, kama vile deksamethasoni au prednisoloni, ili kutuliza uvimbe. Dawa hizo ni za lazima kwa walio wengi.

Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, steroidi hubadilisha tishu za chujio na kulifanya gumu kupitisha maji. Presha huanza kupanda kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne za matumizi. Wenye glakoma, au wenye ndugu wa damu wenye ugonjwa huo, ndio wanaokabiliwa zaidi na hali hiyo.

Mara nyingi presha hurudi chini dawa inapopunguzwa na kusimamishwa kwa utaratibu wa daktari. Balaa huja pale mgonjwa anapoyaona matone hayo kuwa mazuri kwa sababu yanaondoa wekundu na muwasho, akaendelea kuyanunua dukani kwa miezi bila kupimwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kupofuka polepole kwa dawa aliyoiamini.

Kuchelewa nako kuna gharama

Wapo wanaoahirisha upasuaji wakiamini kuwa mtoto wa jicho lazima akomae kwanza. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani, wakati njia za upasuaji zilikuwa duni. Leo kusubiri hadi jicho liwe jeupe kabisa hakuna faida, na kunaweza kuziharibu njia za maji kwa namna mbili.

Kwanza, lenzi iliyokomaa sana inaweza kuvimba na kufunga pembe. Pili, inaweza kuvuja protini zake ndani ya jicho. Seli za ulinzi za mwili huzivamia protini hizo, kisha seli na protini kwa pamoja huziba chujio. Mgonjwa ambaye kwa miaka hakuwa na maumivu hufika hospitali akiwa na jicho jekundu lenye maumivu makali na presha iliyopita kiasi.

Katika hali hizo upasuaji bado ndio tiba, lakini presha ikikaa juu kwa muda mrefu kabla ya mgonjwa kufika, mshipa wa fahamu huwa umekufa. Lenzi mpya itakuwa angavu, lakini jicho halitaona.

Si tiba ya kila glakoma

Matokeo mazuri yaliyotajwa yasichukuliwe kuwa kutoa mtoto wa jicho kunaponya presha ya macho. Hapa aina ya glakoma ndiyo inayoamua.

Aina ya pembe iliyofungwa, ambayo ndiyo inayonufaika zaidi, imeenea sana Asia Mashariki. Kwa Waafrika aina iliyozoeleka ni ya pembe iliyo wazi, ambapo kasoro imo ndani ya chujio lenyewe. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kati ya watu wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, takriban asilimia 4 walikuwa na glakoma ya aina yoyote. Asilimia 3.1 walikuwa na ile ya pembe iliyo wazi, na wenye pembe iliyofungwa hawakufika asilimia 1.

Kwa mgonjwa wa aina hiyo ya kwanza, upasuaji wa mtoto wa jicho unaweza kumpunguzia presha kidogo na pengine idadi ya dawa, lakini kwa kawaida hautoshi peke yake. Kwa wengine presha hubaki ilivyokuwa, na hata waliopata nafuu wanaweza kuiona ikipungua kadiri miaka inavyopita.

Watu waliowahi kufanyiwa upasuaji wa glakoma wa kutengenezewa njia mpya ya maji wanahitaji uangalifu zaidi. Uvimbe unaofuata upasuaji wa mtoto wa jicho unaweza kusababisha kovu na kuiziba njia hiyo, na presha iliyokuwa imedhibitiwa ikapanda upya.

Katika nchi zenye uwezo, madaktari wameanza kutibu magonjwa yote mawili kwa mpigo. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kijibomba cha titani chenye urefu wa milimita 1 hivi, kiitwacho iStent, ambacho huingizwa kwenye mfereji wa Schlemm wakati wa upasuaji wa mtoto wa jicho ili kulipa maji njia ya kulikwepa chujio.

Si kila kifaa cha namna hiyo kimefaulu. Kingine kilichoitwa CyPass, kilichoidhinishwa mwaka 2016, kiliondolewa sokoni mwaka 2018 baada ya kubainika kuwa waliowekewa walipoteza seli nyingi za konea kadiri miaka ilivyopita.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo yote, kipimo cha presha ya jicho hakipaswi kukosekana kabla ya upasuaji. Daktari anapaswa pia kuutazama mshipa wa fahamu kadiri ukungu unavyoruhusu, na inapobidi kuikagua pembe ya jicho kwa kioo maalumu. Bila vipimo hivyo, mgonjwa anaweza kutolewa mtoto wa jicho huku glakoma ikiachwa iendelee kumla.

Mgonjwa kwa upande wake anapaswa kumweleza daktari kama anatumia dawa ya presha ya macho, kama amewahi kufanyiwa upasuaji wa jicho, au kama katika ukoo wake yupo aliyepofuka kwa glakoma. Baada ya upasuaji ahudhurie kliniki kwa tarehe alizopangiwa, na aulize matone ya steroidi yanaisha lini.

Zaidi ya yote, asiache dawa ya glakoma kwa sababu tu anaona vizuri kuliko zamani. Uoni mpya umetokana na lenzi iliyo safi, wala si ushahidi kwamba presha imeshuka. Glakoma huanza kula pembezoni mwa uoni huku katikati pakibaki pazuri, hivyo mtu anaweza kusoma gazeti bila taabu ilhali jicho lake linaendelea kufa. Uamuzi wa kupunguza au kuacha dawa hiyo ni wa daktari, baada ya presha kupimwa zaidi ya mara moja.